Mwalimu wa kwenye TV hakatishwi: niliyoyaona nikiwa TP huko Mbulu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Wa rika langu, salama?

Kuna jambo nimelikalia muda mrefu na leo nalishusha lote. Sina sababu ya kuongeza chumvi, maana halinipi sifa yoyote. Majina nimebadilisha na shule sitaitaja, ila kama kuna mtu wa pande za Dongobesh humu ndani, atanielewa haraka.

Mimi ni mwanachuo wa ualimu, mwaka wa mwisho, Hesabu na Fizikia. Nyumbani ni Nangwa, Hanang. Wazazi ni wakulima wa mahindi na mbaazi, wana ng'ombe kidogo.

Chuoni wananijua kwa ubishi. Mhadhiri akisema teknolojia ni mkombozi wa elimu, mimi nanyoosha mkono kuuliza mkombozi kutoka kwa nani. Tulipewa insha tueleze mtazamo wetu, kama walimu wajao, juu ya kutumia teknolojia darasani. Wenzangu wakasifia tableti na intaneti. Mimi nikaandika kwamba skrini zinanunuliwa ili watu wasiajiriwe.

Mhadhiri akaniandikia pembeni: "Nenda kwanza ukafundishe."

Basi nikaenda.

Nilipangiwa TP, yaani mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya kata, kati ya Dongobesh na Masieda. Asubuhi kuna ukungu na baridi kali, wanafunzi wanaingia darasani na matope ya shambani kwenye viatu, maana wengi wameshakama ng'ombe kabla ya kuja.

Mwalimu wa Hesabu alikuwa amehamishwa na hakuna aliyeletwa badala yake. Kilichokuja ni TV kubwa ya ukutani, sola ya kuiendesha, na flashi yenye masomo yote ya kidato cha nne. Ni mradi. Nani mwenye mradi, hilo si la uzi huu.

Siku ya kwanza mkuu wa shule, tumwite Mwalimu Gwandu, alinipa vipindi vya kidato cha kwanza na cha pili. Nikamuuliza kidato cha nne nani anawafundisha.

"Cha nne wana mwalimu wao," akasema. "Yuko ukutani."

Hakuwa anatania.

Nikaomba nikae nyuma ya darasa nione. Akaniruhusu.

Sasa nieleze huyo mwalimu wa kwenye TV. Ni mzee wa heshima, mvi zimeanza kushika kichwa chote, tai, miwani, sauti ya taratibu. Na hapa nitende haki: anafundisha vizuri. Anafundisha vizuri kuliko baadhi ya walionifundisha mimi. Anaandika ubaoni kwa mwandiko safi, anaeleza hatua kwa hatua, Kiingereza chake kimenyooka.

Akasema, "Good morning, class."

Darasa zima likasimama. "Good morning, sir!"

Yeye hakusema kaeni, kwa sababu hawaoni. Wakabaki wamesimama kidogo, kisha wakaketi taratibu, mmoja mmoja, kama watu wanaoketi bila ruhusa.

Kuanzia hapo, kimya. Kipindi chote. Mzee anaongea, wao wananakili. Akifuta ubao kabla hawajamaliza, wanaacha nafasi kwenye daftari na kuendelea na kinachofuata. Rimoti ilikuwa mezani kwa monita wa darasa, binti mmoja nitamwita Emiliana, imefunikwa kitambaa isipate vumbi. Haikuguswa mpaka mzee aliposema "Thank you", ndipo akainuka kuzima.

Kesho yake niliwapa zoezi fupi juu ya alichofundisha. Wakuu, waliniandikia maneno ya yule mzee kama yalivyo. Wengine waliandika mpaka "as you can see". Lakini swali lenyewe, ukibadilisha namba tu, karibu wote walikwama.

Nilifurahi moyoni. Insha yangu ilikuwa imepata ushahidi.

Najua kuna mtu atauliza hapo chini kwa nini sikuwafundisha mwenyewe. Niliomba. Mwalimu Gwandu alikataa, na sababu yake ndiyo mzizi wa uzi huu.

Shule zilizopewa skrini zilikuwa zinakaguliwa. Ikionekana haitumiki, inahamishiwa shule nyingine. Na yeye alikuwa ameshaomba mwalimu wa Hesabu muda mrefu bila jibu. Hofu yake ilikuwa hii: wewe kijana utafundisha, skrini itazimwa, mkaguzi atakuta imezimwa, ataichukua, halafu wewe utarudi chuo. Hawa watabaki na ukuta.

Mimi hofu yangu ilikuwa ya upande wa pili: wakiona skrini inafanya kazi, ombi la mwalimu litazikwa.

Katikati yetu kulikuwa na darasa zima linalosubiri mtihani wa taifa.

Emiliana alikuwa anataka kuwa mpima ardhi. Aliwahi kuwaona wapimaji wakija kijijini kwao na chombo chao cha miguu mitatu, wakasuluhisha mpaka ambao koo mbili ziligombania tangu hajazaliwa. Aliniambia watu wazima walikaa kimya kumsikiliza dada mmoja kwa sababu tu alikuwa na vipimo. Bila Hesabu hafiki huko, na analijua hilo.

Siku moja baada ya kipindi nikamuuliza, "Mbona mzee akiwaacha hamumrudishi nyuma?"

"Tumrudishe nani, mwalimu?"

"Huyu wa kwenye TV. Rimoti si unayo?"

Akanitazama kama nimesema neno chafu. "Akiwa anaongea?"

"Ndiyo, akiwa anaongea. Unabonyeza, anasimama."

"Mwalimu, yule ni mtu mzima."

Kijana mmoja wa dawati la nyuma, Daniel, mchekeshaji wa darasa, akadakia: "Wewe mwalimu, babu yako huko Nangwa akiwa anaongea huwa unambonyeza?"

Darasa likacheka. Hata mimi nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu nilielewa.

Ndugu zangu wa mijini, msikimbilie kusema hawa watoto ni washamba. Wanajua ni video. Wana simu nyumbani, wanaangalia vichekesho. Lakini sisi tumelelewa hivi: mtu mzima akifungua mdomo, wewe mdogo unafunga wako mpaka amalize. Hupiti katikati ya wakubwa wanaoongea. Hukatishi. Hata asipokuwa na hasira na wewe, mkono wenyewe unakataa. Mpe mtoto wa namna hiyo video ya kijana mwenye fulana anayerukaruka, ataisimamisha bila kuwaza. Waliompiga picha mzee mwenye mvi na tai walitaka aheshimiwe. Akaheshimiwa kupita kiasi.

Hili hakuna kitabu kiliniambia. Insha yangu nzima ilizungumzia vifaa na ajira. Haikuwa na neno moja juu ya mtoto anayeona aibu kugusa rimoti.

Nikasema basi, nitamsimamisha mimi. Kipindi kilichofuata nikachukua rimoti, mzee akiwa katikati ya sentensi, nikabonyeza.

Darasa lote likaangalia chini. Nikauliza nani hajaelewa. Hakuna. Nikauliza tena. Hakuna. Mimi kwao nilikuwa kijana wa juzi tu, nimemkatisha mkubwa wangu mbele za watu, na wao hawakutaka kuonekana wako upande wangu. Emiliana akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, tumwache amalize kwanza."

Nikarudisha rimoti chini ya kitambaa chake.

Aliyetusaidia ni Madam Lohay. Mama mtu mzima, anafundisha Kiswahili na Historia, alikuwa anakaribia kustaafu. Ofisi ya walimu ilikuwa inavuja mvua, akaja na kiti chake na rundo la madaftari akasahihishe nyuma ya darasa la kidato cha nne. Hakuja kwa ajili ya Hesabu. Aliniambia mwenyewe kwamba Hesabu aliagana nayo akiwa msichana na hawajatafutana tena.

Siku hiyo mzee alikuwa anafundisha probability. Akasema, kama mnavyojua wote, pakiti ya karata ina hiki na kile, je, uwezekano wa kuchomoa jike, yaani queen, ni upi?

Kalamu ya Madam Lohay ikasimama.

"Hee, ngoja kwanza wewe mdogo wangu," akaiambia TV. "Emiliana, msimamishe huyo."

Emiliana akabonyeza bila kusita. Ameagizwa na mkubwa kuliko yule.

"Karata?" Madam akauliza darasa. "Nani humu anajua karata?"

Wakuu, lile ni eneo la watu wa kanisani. Karata ni mchezo wa vijana wasio na kazi wanaoshinda stendi. Nani akubali?

"Sitampeleka mtu kwa mchungaji. Nauliza tu."

Daniel akainua mkono nusu. "Mimi nimeona watu wakicheza, madam. Dongobesh. Nilikuwa napita."

"Ulikuwa unapita."

"Napita, madam."

"Ukapita polepole."

Darasa likalipuka. Na ndani ya kicheko hicho Daniel akaja mbele akaeleza majike ni nini, yako mangapi, rangi zipi. Madam akasema bado hajaelewa. Emiliana akasimama: "Madam, acha karata. Zizi lina mbuzi weupe na weusi, umeingia gizani umeshika mmoja. Weupe wakiwa wengi, utashika yupi?"

"Mweupe."

"Una uhakika?"

"Sina. Lakini naelekea huko."

"Ndiyo hiyo, madam. Kuelekea huko ndiko kunapigiwa hesabu."

Mimi nimesoma probability miaka mitatu chuoni. Sijawahi kuisikia ikielezwa hivyo na mtu aliyekuwa haielewi nusu saa kabla.

Tangu hapo Madam Lohay akawa anakuja kila kipindi cha Hesabu. Kazi yake ilikuwa moja: kumkatisha mzee. "Hapo umenipoteza, ndugu." "Rudi nyuma, umekimbilia wapi?" Wanafunzi wakawa wanamweleza yeye, na pale wote wanapokwama wananigeukia mimi. Nilikuwa nimepata nafasi ya kufundisha bila kumkosea mtu adabu. Mazoezi yakaanza kubadilika. Si wote, lakini uliona mtu anafuta na kurudia, wakati zamani alikuwa ananakili tu.

Hapo nikaanza kujiuliza kama insha yangu ilikuwa sahihi. Skrini peke yake ilikuwa haifundishi. Madam peke yake asingeweza. Mimi peke yangu nilikuwa mgeni wa wiki chache. Tukiwa wote watatu, kulikuwa na darasa.

Kisha ikaja taarifa kwamba afisa elimu wa wilaya atakagua skrini.

Mwalimu Gwandu akaniita. Akasema siku hiyo Madam Lohay akae ofisini. Mkaguzi aone skrini inafanya kazi yenyewe, kama mradi unavyotaka. Akikuta mama wa Kiswahili anazungumza na TV, ataona shule inafanya mzaha. Nikabisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, wewe utabisha halafu utaondoka. Mimi nitabaki na hawa watoto."

Nikaaga, nikatoka.

Jioni hiyo Emiliana alinisubiri karibu na bomba la maji. Alinisalimia, kisha akasema, "Mwalimu, tunajua wewe huipendi hiyo TV."

Nikamuuliza nani kamwambia.

"Inaonekana. Nakuomba, kesho wakikuuliza sema inafanya kazi. Ukisema haifanyi wataichukua. Mwalimu wa kweli hawatatuletea. Sisi tutabaki na nini?"

Niliingia kwenye ualimu nikiamini kazi yangu ni kusema kilicho kweli hata kama kinauma. Sikuwahi kufikiria kwamba mwanafunzi mwenyewe atakuja kuniomba nisikiseme.

Nikamwambia nitaona. Hilo ni jibu la mtu mwoga, najua.

Afisa alikuja, mtu mpole, buti zimejaa tope kwa kuzunguka shule za wilaya nzima. Akaketi nyuma. Mzee akasema "Good morning, class." Wakasimama, wakaitikia, wakaketi. Kimya. Kalamu tu. Madam Lohay alikuwa ofisini na ndoo yake chini ya bati linalovuja.

Baada ya muda afisa akaniinamia. "Nidhamu ya hali ya juu. Unaona wanavyofuatilia?"

Mbele yangu kulikuwa na kijana ameacha nafasi tupu nusu ukurasa na kuendelea na mstari mwingine.

"Na wewe msomi wa chuo, unasemaje? Teknolojia hii inafaa au haifai?"

Mwalimu Gwandu alikuwa ananitazama. Emiliana hakugeuka, lakini aliacha kuandika.

Nikasema, "Inafaa mheshimiwa, lakini si hivi unavyoiona. Naomba aitwe Madam Lohay, uone darasa lenyewe."

Mwalimu Gwandu akafumba macho.

Madam akaitwa. Akamsalimia afisa, wakaulizana habari za nyumbani, akaketi. Haikuchukua muda. "Ngoja, ngoja ndugu, hiyo namba umeitoa wapi?" Emiliana akabonyeza. Mikono ikainuka. Daniel akatania, mwingine akambishia, watu wawili wakaenda ubaoni, mmoja akakosea na wenzake wakamrudisha. Afisa alicheka mpaka akavua miwani.

Kipindi kilipoisha alinipa mkono. Nikaona hapa ndipo pa kusema. Nikamwambia umeona mwenyewe kwamba kinachofanya kazi hapa ni watu, kwa hiyo lile ombi la mwalimu wa Hesabu ni la haki.

Akatikisa kichwa taratibu. "Hapana, kijana. Nimeona kinyume. Nina shule ambazo hazina mwalimu wa Hesabu na hazina hata hiyo skrini. Nyie mna skrini, na mmegundua kwamba mtu yeyote mzima akikaa nyuma inatosha. Akipatikana mwalimu mmoja, nitampelekaje hapa?"

Madam Lohay akasema, "Lakini baba, mimi nastaafu kabla hawa hawajafanya mtihani. Na Hesabu siijui."

"Mama, si tumeona? Haikuhitaji uijue."

Alisema kwa upole kabisa, kama anamsifia. Madam alikusanya madaftari yake akatoka.

Nimejaribu kumchukia yule afisa nikashindwa. Mimi ningekuwa na mwalimu mmoja na shule zile zote, ningempeleka wapi? Naomba mnijibu kwa ukweli, si kwa hasira.

Skrini ilibaki. Ombi la mwalimu likaambiwa lisubiri. Emiliana alinifuata nje akasema, "Asante mwalimu, imebaki." Alikuwa na furaha ya kweli, na mimi sikuweza kumwambia nimepoteza nini kwa niaba yake.

Sasa hivi niko chuo. Madam Lohay amestaafu, yuko kwake anapalilia vitunguu swaumu. Kidato cha nne wanakaribia mtihani.

Jumamosi iliyopita Emiliana alinipigia kwa simu ya kaka yake, siku ya mnada, kelele za mbuzi na wauza mitumba nyuma yake.

"Shikamoo mwalimu. Nilimkatisha."

"Marahaba. Ulimkatisha nani?"

"Mzee. Mwenyewe, hakuna aliyeniagiza. Nilisimama nikamwomba radhi kwanza, kisha nikabonyeza. Daniel akasema nitaota pembe."

Nikamwambia amefanya vizuri sana. Nikamuuliza, kisha ikawaje?

"Kisha tukakaa. Tukaulizana. Hakuna aliyejua. Tukamwacha aendelee."

Akanisomea swali. Nikamweleza pale pale, nimesimama kwenye korido ya chuo, naandika kwa kidole ukutani kana kwamba ananiona. Kaka yake akawa anadai simu. Tulifika nusu ya swali.

Nilichojifunza sitakipamba. Nilikwenda nikiamini skrini ni adui wa mwalimu. Nimerudi nikiamini skrini haina ubaya wowote, ni chombo kama chaki. Shida ni kwamba ikifanya kazi vizuri kwa juhudi za watu, sifa inaandikiwa yenyewe na watu wanaonekana hawahitajiki. Kadiri sisi tulivyoitumia kwa akili, ndivyo tulivyowaondolea wale watoto mwalimu.

Kwa hiyo swali langu kwenu ni hili. Kama ningenyamaza, afisa angeondoka akidhani ule ukimya ni kujifunza. Niliposema kweli, ukweli ule ule ukatumika kuwanyima mtu. Mwalimu mwenye akili timamu alipaswa kufanya nini siku ile?

Walimu mlio shule za kata, hasa za mbali, semeni. Na nyie mnaoandaa hiyo miradi, kama mko humu, semeni pia.

Mimi nimezoea kubisha, mnanijua. Ila kwa hili natamani sana atokee mtu anionyeshe kwamba nimekosea.